Daraja Lililoitwa Kichekesho

Iko nchi moja, tena si mbali sana, ambako filamu zinafika kila mtaa hata pale ambapo maji ya bomba hayajafika. Jina la nchi hiyo halitatajwa hapa. Wenyewe wataitambua, na wasioitambua wana bahati yao. Rais wake, ambaye vyeo vyake vikisomwa redioni habari nyingine hukosa nafasi, alikuwa mpenzi mkubwa wa vichekesho. Kila jioni, akishamaliza kutia saini, aliketi kutazama mtu akiteleza, akianguka, akiinuka na kujipangusa vumbi, naye alicheka mpaka walinzi wakalazimika kumshika asije akaanguka yeye.

Kwa kuwa Rais alipenda vichekesho, ikaonekana haifai vichekesho vikaachwa hivi hivi bila sheria. Ikaundwa Idara ya Kuainisha Filamu, ikapewa jengo refu lenye lifti isiyopanda. Sheria ikasema kila filamu ni ama kichekesho ama simanzi. Kichekesho ni filamu ambayo ndani yake mtu huanguka bila kutarajia, hafi mtu, aliyepotea hurudi, na mwishowe watu hukaa pamoja wakala pilau. Simanzi ni nyinginezo zote. Filamu ya simanzi ilihitaji kibali cha Baraza zima la Mawaziri, na kwa vile Baraza lilikuwa na shughuli nyingi, nchi ile ilikaa miaka na miaka bila simanzi hata moja. Wageni walisifu sana jambo hilo.

Siwatu alifanya kazi katika Idara hiyo, kwenye chumba cha sauti kilichokuwa chini kabisa, jirani na jenereta. Kazi yake ilikuwa kutia vicheko. Picha ilikaguliwa kwanza ghorofani, ikiwa kimya, na Mkurugenzi pamoja na wazee wa kamati. Ikishapita, iliteremshwa kwa Siwatu aunganishe maneno, muziki na vicheko, kisha ikatoka hapo kwenda majumba ya sinema. Alikuwa na kabati zima la vicheko: vya wanawake wa sokoni, vya askari, vya watoto wa shule, hata kimoja cha mtu mnene aliyeshiba. Alijua pa kukiweka kila kimoja. Kicheko kikiwahi, mzaha unakufa. Kikichelewa, watazamaji wanadhani wanachekwa wao.

Aliipenda kazi ile, tena sana. Aliwahi kumwona mama mmoja aliyetoka kufukuzwa kwenye nyumba ya kupanga akiingia ukumbini uso umemvimba kwa kulia, akatoka ameshika mbavu. Siwatu alikuwa amekwisha kugundua siri ya jambo lile. Watu wanacheka mtu akianguka kwa sababu wanajua fika kwamba atainuka. Ukiwaondolea uhakika huo, hakuna tena cha kucheka, kuna mtu tu aliye chini.

Kicheko bora katika kabati lake kilikuwa cha mumewe, Ngwali bin Faki, fundi wa kuchomelea vyuma. Ngwali alikuja Idarani kutengeneza mlango wa chumba cha sauti kabla hawajajuana. Siwatu akajikwaa kwenye nyaya zake mwenyewe, akaenda chini pamoja na sinia la chai. Fundi alijizuia, akajizuia, mpaka alipomwona binti wa watu ameinuka mzima ndipo kicheko kikamtoka. Kilianza na kikohozi kidogo, kikapanda juu, kikakatika ghafla kwa haya. Mashine ilikuwa inarekodi. Siwatu alimnunia fundi yule wiki nzima, halafu akaolewa naye. Tangu hapo kicheko kile kiliingia katika kila filamu nchini, na Ngwali akicheka kwenye baraza la kahawa watu waligeuka kumwangalia, wakahisi wanamjua.

* * *

Serikali ikajenga daraja la waenda kwa miguu kuvuka Mto Kiwambo. Kazi ilipewa shemeji wa Waziri wa Ujenzi, kwa kuwa alikuwa ndiye mkandarasi pekee aliyekuwepo nyumbani kwa waziri siku ya uamuzi. Ngwali alikuwa miongoni mwa mafundi. Jioni moja alirudi nyumbani akasema vyuma walivyoletewa ni vyembamba mno, na kwamba alipouliza aliambiwa azidishe rangi.

Siku ya ufunguzi, itifaki ilitaka daraja lithibitishwe kabla halijakanyagwa na mguu wa Rais. Waziri wa Ujenzi, akiwa amesimama ukingoni kwenye ardhi ngumu, alihutubia kwa kirefu juu ya uaminifu wa chuma cha taifa, kisha akaamuru mafundi wote wapande juu wacheze ngoma. Bendi ikapiga. Mafundi wakacheza. Kamera ya Idara ilikuwa inapiga picha pale daraja lilipokunjika katikati na kuwamwaga wote mtoni pamoja na vyuma vyake, na upepo wa kishindo ukaiokota kofia ya waziri ukaitupa majini.

Siwatu alikimbia mpaka mtoni miguu mitupu. Askari walikuwa wamekwisha kufunga njia. Waliwaambia waliofika warudi makwao, kwamba aina ya tukio itatangazwa. Lori la jeshi likapita limefunikwa turubai, na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza limebeba nini wala linakwenda wapi.

Nyumbani, mama mkwe wake, Bi Kirembwe, alikuwa amekwisha kutandika mikeka uani na majirani wameanza kuingia. Kabla chai haijachemka wakaja askari wawili, vijana wenye adabu zao, wakavua kofia, wakaikunja mikeka wenyewe. Walieleza kwamba picha bado inapimwa, na msiba ukiwekwa ndani ya kichekesho ni kosa la kuchanganya aina. Bi Kirembwe aliwatazama wakiipanga mikeka ukutani. Mwanawe hakuwa na kaburi, na sasa hakuwa hata na mkeka.

* * *

Asubuhi yake Siwatu aliitwa ghorofani. Mkurugenzi wa Idara, Bwana Tamimu, alikuwa mtu msafi mwenye sauti ya upole, ambaye hajawahi kumkaripia mtu, kwa kuwa sheria zilikaripia watu kwa niaba yake. Alimkaribisha kiti. Akasema kamati imeitazama picha ya darajani kwa makini na imeridhika. Anguko limo. Halikutarajiwa, maana waziri mwenyewe hakulitarajia. Heshima imo, na imevurugwa kwa namna ya kupendeza, kwani kofia ya kiongozi imeondoka. Maji yamo. Wazee wawili wa kamati walicheka kabla hawajaelezwa ni kitu gani. Hicho ni kichekesho kamili.

"Na waliokuwa juu, mheshimiwa?" Siwatu aliuliza. "Mume wangu alikuwa juu."

"Bi Siwatu, wewe ni wa siku nyingi hapa, nikufundishe? Katika kichekesho hafi mtu. Hawa wamepotea. Na aliyepotea hurudi."

Alimwagiza atie vicheko ili picha hiyo ionyeshwe upesi. Siwatu akasema hawezi. Bwana Tamimu akasikitika kwa dhati. Akamkumbusha kwamba anayekiondolea kichekesho vicheko vyake ametengeneza simanzi bila kibali, na kwamba gereza la wanawake liko mbali, na mama mkwe wake ni mtu mzima. Halafu akateremka naye ngazi zote mpaka chumba cha sauti, akaketi nyuma yake. Kila kicheko kilipowekwa alitikisa kichwa kukubali. Mwishoni akasema asisahau na kile cha mumewe, kwa kuwa umma umekizoea.

Mikono ya Siwatu ilikiweka. Alikiweka palepale kinapokaa siku zote, baada ya wengine wote kunyamaza, wakati maji ya mto yanaanza kutulia juu ya vyuma. Alijichukia kwa kukiweka vizuri. Bwana Tamimu alimshukuru, na tangu siku hiyo akamwamini kabisa, hakurudi tena kumsimamia.

Ukumbini watu walicheka. Hilo ndilo lililomwumiza kuliko lori lile. Mwanzoni walikaa kimya, kisha vicheko vya spika vikawaonyesha mahali, nao wakafuata, kama walivyozoea maisha yao yote. Mwanamke aliyeketi nyuma ya Siwatu, ambaye kaka yake naye alikuwa juu ya daraja, alicheka kwa sauti, halafu akajishika mdomo na kujifunika kanga mpaka taa zikawashwa. Bwana Tamimu akasimama mbele ya pazia. Akauliza kama wamemsikia Ngwali bin Faki. Wakasema wamemsikia. Akasema basi, uvumi ukome, maana maiti hacheki.

Bi Kirembwe aliyasikia hayo redioni, pamoja na kicheko chenyewe. Siwatu aliporudi alimkuta ameketi karibu na redio iliyozimwa.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, mama. Ni kicheko cha siku ile ya sinia."

"Waambie wasimchekeshe tena mwanangu," Bi Kirembwe alisema. "Hakuwa mtu wa kumcheka aliyeumia."

* * *

Siwatu alikaa na neno hilo siku kadhaa, kisha akapanda ngazi kwa hiari yake. Alimwambia Bwana Tamimu kwamba picha ya darajani haijatimia. Sheria inataka waliopotea warudi na pilau iliwe. Bila mwisho huo si kichekesho, na isipokuwa kichekesho ni simanzi, tena simanzi iliyokwisha kuonyeshwa hadharani bila kibali, kwa saini ya Mkurugenzi. Alidhani amembana. Alidhani watakwenda kutafuta, watashindwa kuwarudisha waliokufa, na hapo itawabidi waseme kwa vinywa vyao kwamba wamekufa.

Bwana Tamimu alifurahi hata akasimama. Akasema hajawahi kuwa na mfanyakazi anayezipenda kanuni kiasi hiki. Akaahidi kwamba waliopotea watarudishwa wote, na kwamba filamu ya mwisho itapigwa uani kwa Bi Kirembwe, kwa gharama ya serikali.

Gari la serikali likamleta Ngwali siku ya Alhamisi. Lilikuja na shati kama la Ngwali, na kitambulisho cha Ngwali, na ndani yake mtu mrefu, mweusi, mwenye macho mekundu, ambaye aliinama kupita mlangoni.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," Bi Kirembwe alijibu, akimtazama toka chini mpaka juu. "Mwanangu alinifika begani."

"Wameniambia nimerefuka majini." Alisema hivyo akiwa ameangalia sakafu, na ilionekana angependa sakafu ile imfiche.

Siwatu alitaka kumfukuza. Bi Kirembwe akamzuia kwa mkono, akampa mgeni maji, akangoja ayanywe. Kisha akamwuliza yeye ni mtoto wa nani. Mtu yule akasema anaitwa Shaweji bin Salehe. Mdogo wake Mkadamu alikuwa fundi kwenye daraja lile. Alikwenda Idarani kumwulizia, wakamsikiliza vizuri, wakamwuliza kama anajua kuchomelea, akasema anajua kidogo, wakampa shati.

"Na kwenu?" Bi Kirembwe aliuliza.

"Kwetu wamempeleka mtu mwingine. Mama yangu macho hayaoni vizuri." Shaweji alilivuta shati lililombana. "Anamlisha. Anamwita Mkadamu, yule mtu anaitika. Na mimi nitafanyaje? Nikimwambia ukweli, nitamwua kwa mkono wangu."

Siwatu alikaa chini. Alimwangalia mtu aliyevishwa shati kama la mumewe na hasira yake ikakosa pa kukaa. Ilikuwa vivyo hivyo mji mzima: wafiwa walikusanywa walipokwenda kuulizia habari za watu wao, wakagawiwa kwa wafiwa wenzao, na kila nyumba sasa ilikuwa na mtu aliyerudi na mtu asiyeweza kuliliwa.

Bi Kirembwe alikiondoa kikombe cha mgeni. Aliuliza hiyo pilau ya serikali italetwa lini. Siwatu akasema Jumapili, mchele na ng'ombe mzima, na mikeka itatandikwa, na watu wote wa darajani watakuwepo.

"Na dua je? Wanaruhusu dua?"

"Wanaruhusu dua ya shukrani, mama. Iwe fupi."

"Mwite Mwalimu Mbwana wa msikitini," Bi Kirembwe alisema. "Mwambie aje na majina ya marehemu wote wa darajani kichwani. Mchele wao, nyama yao, mikeka waitandike wao wenyewe. Mwanangu atasomewa hitima."

* * *

Jumapili ile uani palijaa. Askari walewale walioikunja mikeka waliitandika, wakanyoosha na ncha zake. Bwana Tamimu alizunguka akiwapanga watu, akisisitiza furaha iwe ya kawaida, isizidi. Majirani waliingia mmoja mmoja, wakampa Siwatu mkono, wakamsogelea na kumnong'oneza pole. Kamera iliikuta migongo na mikono tu, na kwa mbali ilionekana pongezi safi. Bi Kirembwe alikaa na wanawake ndani ya kanga zao, akipokea kila aliyekuja. Mamake Shaweji aliletwa akiongozwa mkono, akaketishwa karibu naye, na wazee wale wawili wakashikana vidole.

Mwalimu Mbwana akaketi katikati. Siwatu alikuwa amekificha kinasa sauti chini ya kitambaa cha sinia la tende, mbele ya magoti yake. Mwalimu alisoma kwa sauti ya chini, ndani ya kishindo cha sufuria na kelele za watoto. Bwana Tamimu hakumsikia. Alikuwa upande wa jikoni akimhimiza mpiga picha apate mvuke wa pilau, kwa kuwa Rais aliupenda sana mvuke. Kamera ilipogeuka ilikuta viganja vyote vimeinuliwa, na ikavipiga picha. Ilimkuta pia Shaweji akilia wazi wazi. Bwana Tamimu akamsogelea kumwuliza. Shaweji akasema ni furaha ya kurudi, mheshimiwa. Bwana Tamimu akampigapiga begani, akaandaliwa sahani, akala akashiba, akasifu nyama.

Picha ilipita kwenye kamati ikiwa kimya kama kawaida, bila kupunguzwa hata kidogo. Wazee walisema hawajaona mwisho mzuri kama ule. Ikateremshwa kwa Siwatu. Alitia vicheko vya watoto kwenye sufuria na vya wanawake kwenye kugawa sahani, akavipunguza polepole, akavimaliza kabla viganja havijainuka. Kuanzia hapo hakutia kitu. Aliichukua sauti ya Mwalimu Mbwana, akaiondolea kelele za uani moja baada ya nyingine, akaipandisha mpaka ikawa mbele. Alifanya kazi ile akilia, na mikono yake haikukosea.

* * *

Rais alihudhuria mwenyewe, na mawaziri wake, na wafiwa wote wa mji wakiwa na watu wao wa kupewa. Picha ikaanza. Watu walicheka palipostahili, Rais akiongoza. Sahani zikagawiwa. Vicheko vikapungua, ukumbi ukapungua navyo. Kisha ikaja sauti ya Mwalimu Mbwana, karibu kabisa, kana kwamba ameketi miongoni mwao, na kwenye pazia viganja vikainuka.

Ukumbini pia vikainuka. Hakuna aliyeamuru. Ni jambo ambalo mtu hufundishwa na mama yake kabla hajajua kusema, na Rais naye alikuwa na mama. Viganja vyake vilipanda vyenyewe mbele ya kifua chenye nishani. Mwalimu akaomba rehema kwa marehemu Ngwali bin Faki. Ukumbi ukaitikia amina. Akaomba kwa marehemu Mkadamu bin Salehe. Amina. Katikati ya safu, mwanamke mzee asiyeona vizuri aliuachia mkono wa kijana aliyeketi kando yake, kisha, baada ya kitambo, akaushika tena. Mwalimu akaendelea na mafundi wengine, jina kwa jina, na kwa kila jina sauti nzito ya Rais, ile ambayo kila mtu aliijua kutoka redioni, ilisema amina pamoja na wengine. Walipofika mwisho wakapangusa nyuso. Waziri wa Ujenzi alikuwa bado ameweka viganja usoni alipotambua alichokifanya, na hakuvitoa.

Taa zilipowashwa Rais alikaa muda akitazama mikono yake. Kisha akainuka akaondoka.

Siku ya pili redio ilipiga muziki wa gwaride kutwa. Jioni Bwana Tamimu alifika nyumbani kwa Bi Kirembwe kwa miguu, peke yake. Alimkuta bibi ameketi kizingitini, na mikeka imetandikwa uani nyuma yake, na watu wameketi. Akauliza, kwa upole wake uleule, kwa nini Bi Siwatu hakuja kazini.

"Hatoki," Bi Kirembwe alisema. "Amekaa eda."

"Kwa kibali cha nani, mama?"

"Mwanangu ametajwa marehemu mbele ya umati, na Rais wenu ameitikia amina. Mimi nimemsikia, na wewe umemsikia. Nenda kamwambie airudishe."

Bwana Tamimu alisimama pale mlangoni. Ndani, Siwatu alikuwa analia kwa sauti kubwa, mara ya kwanza tangu siku ya daraja, na hakuna aliyemnyamazisha.